Jinsi ya Kuunda Ndegeputo Nusu-Ngumu ya Mita 3: Kuanzia Hesabu Hadi Kuruka

Ndegeputo, yaani vyombo vya angani vinavyoelea kwa mfuko wa gesi nyepesi na kusukumwa na mota, hutofautiana kwa jambo moja la msingi: kitu gani kinashikilia umbo lake. Zipo zisizo na mifupa kabisa, ambazo presha ya gesi peke yake ndiyo inayokaza mfuko. Gesi ikipungua, mfuko unalegea na chombo kinapinda. Zipo zenye fremu kamili, kama zile ndefu za Zeppelin za Ujerumani, ambazo mifuko ya gesi ilipangwa ndani ya mifupa ya metali. Na zipo za katikati, nusu-ngumu: mfuko unakazwa na presha, lakini chini yake unapita mkuku imara unaobeba mota, mzigo na mkia.

Aliyekulia pwani anaijua kanuni hii kabla ya kuisoma. Tanga la jahazi ni kitambaa, nacho kinaweza kuvuta tu. Foromali ni mti, unaokubali kubanwa na kupindwa. Upepo ukijaa, kila kimoja kinafanya kazi ambayo mwenzake haiwezi. Ndegeputo nusu-ngumu ni hivyo hivyo: mfuko uachiwe kazi ya kuvutwa, mkuku ubebe kubanwa na mizigo ya mahali pamoja, na wewe fundi uweke akili yako yote pale viwili hivyo vinapokutana.

Mwongozo huu ni wa chombo cha mita 3 cha kurusha ndani ya ukumbi, chenye mkuku wa mianzi. Namba zote zilizomo zinatosha kukijenga, na nimeonyesha zinakotoka ili uweze kuzibadilisha.

Kwa nini mkuku?

Umbo hili lina historia nzuri. Ndugu wawili Wafaransa wenye viwanda vya sukari, Paul na Pierre Lebaudy, walimkabidhi mhandisi Henri Julliot kazi ya kuwaundia ndegeputo, nayo ikaruka Moisson mwaka 1902. Baadaye Waitalia ndio walioifikisha mbali fani hii. Ndegeputo Norge ya mhandisi Umberto Nobile, yenye urefu wa mita 106, iliondoka Roma Aprili 1926, ikafika Svalbard, ikaondoka huko tarehe 11 Mei ikiwa na watu 16, wavumbuzi Roald Amundsen na Lincoln Ellsworth miongoni mwao. Siku iliyofuata ilipita juu ya Ncha ya Kaskazini, na tarehe 14 ikatua Teller, Alaska. Siku hizi Zeppelin NT, iliyoruka mara ya kwanza Friedrichshafen mwaka 1997, ina urefu wa mita 75 na mifupa michache ya ndani: pembetatu za nyuzi za kaboni zilizounganishwa na boriti ndefu za aluminiamu. Umbo la nje bado linakazwa na presha ya heliamu.

Sababu ya kihandisi iko kwenye ukubwa. Chukua ndegeputo isiyo na mkuku, uongeze vipimo vyake vyote mara mbili. Uzito unaongezeka mara 8. Mkono ambao uzito huo unapindia nao umerefuka mara mbili, kwa hiyo nguvu ya kupinda inaongezeka mara 16. Uwezo wa mfuko kuhimili kupindwa unalingana na presha ikizidishwa kwa nusu-kipenyo kilichopigwa kipeo cha tatu, nao umeongezeka mara 8 tu. Ili chombo kisikunjike, lazima uongeze presha mara mbili; na kwa kuwa mvutano kwenye kitambaa ni presha mara nusu-kipenyo, kitambaa sasa kinavutwa mara 4 zaidi. Hapo ndipo mkuku unapoingia: unabeba sehemu ya kupinda, na mfuko unabaki na presha ndogo na kitambaa chepesi.

Kwa mita 3, nitasema wazi, presha pekee ingetosha. Mfuko wa nusu-kipenyo cha sm 40 wenye presha ya paskali 100 huanza kukunjamana ukipindwa kwa nyutoni-mita 10 hivi, na mzigo wetu hauzidi 3. Lakini gesi huvuja. Presha ikishuka hadi paskali 20, uwezo ule unashuka hadi nyutoni-mita 2, na hapo mkuku ndio unaokurudisha chini salama. Tarehe 8 Agosti 1901 jijini Paris, ndegeputo ya rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont ilipoteza haidrojeni angani, mfuko ukalegea, nyaya zilizolegea zikaelekea kwenye rafadha (propela), naye akaangukia kwenye majengo ya hoteli ya Trocadéro. Mkuku wa mbao uliokuwa chini yake ulibaki umeegemea kuta, yeye akiwa juu yake, hadi alipookolewa.

Hatua ya 1: Hesabu ya uzito kabla ya kukata chochote

Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam kwenye nyuzi joto 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Heliamu ya ujazo huo huo katika joto hilo hilo ni kilo 0.16. Tofauti, kilo 1.0, ndiyo nguvu ya kunyanyua.

Mfuko wetu una umbo la yai refu lenye ncha mbili sawa: urefu mita 3, kipenyo cha katikati sm 80. Ujazo wake ni 0.5236 × 3 × 0.8 × 0.8, yaani mita 1 ya ujazo. Punguza asilimia 5 kwa ajili ya hewa inayobaki ndani na gesi isiyo safi kabisa, unabaki na gramu 950 za kugawana.

Mgawo wangu ni huu: mfuko 270, mkuku 180, viraka na nyuzi za kuunganishia 50, mapezi 100, mota na rafadha zake 120, betri 60, kipokezi cha rimoti 10, nyaya 30. Jumla gramu 820. Zinazobaki 130 ni za farumi (uzito wa kusawazishia chombo), na ukipenda, kamera ndogo. Andika mgawo huu kwenye karatasi, ubandike ukutani, na kila kitu kikimalizika kipime na uandike uzito halisi pembeni. Chombo cha hewani hakishindwi na kosa moja kubwa mara nyingi kama kinavyoshindwa na gramu tano tano za gundi.

Msomaji wa Nairobi asimame hapa. Kule juu hewa ni nyepesi: kwenye nyuzi 20, mita ya ujazo ya heliamu inanyanyua kilo 0.85 tu, na baada ya kukata asilimia 5 unabaki na gramu 810. Chombo hiki hiki hakitainuka sakafuni. Jenga cha urefu wa mita 3.2 na kipenyo sm 85. Kitakuwa na ujazo wa mita 1.21 na kitanyanyua gramu 975 hivi.

Hatua ya 2: Mfuko

Tafuta plastiki nyembamba yenye tabaka la nailoni na tabaka la polithini, aina inayotumika kufungashia vyakula, ya unene wa mikroni 40 hivi. Nailoni inazuia heliamu, polithini inayeyuka na kushikana ukipitisha pasi. Polithini tupu haifai, maana heliamu inapenya ndani yake. Ile ya mikroni 70 nayo ni nzito mno: mfuko peke yake ungekaribia gramu 470.

Mfuko unatokana na vipande 8 vya umbo la jani. Kila kipande kina urefu wa sm 324 kutoka ncha hadi ncha. Chora mstari wa katikati, weka alama ya kati, kisha pima kuelekea kila ncha. Upana wa kipande ni sm 31.4 pale katikati; ukienda sm 30 ni 30.8, sm 60 ni 28.8, sm 90.5 ni 25.1, sm 121.5 ni 18.8, sm 138 ni 13.7, na sm 162 ni sifuri. Unganisha alama kwa mkunjo laini, kisha ongeza sm 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Tengeneza kielelezo kimoja cha karatasi ngumu na ukitumie kukata vipande vyote. Ukichora kila kipande upya, tofauti ndogondogo zitajikusanya na chombo kitapinda upande mmoja.

Kuunganisha ni kwa pasi yenye joto la wastani, ukiweka karatasi ya kuokea kati ya pasi na plastiki. Tabaka za polithini zitazamane. Usianze na mfuko. Anza na mabaki: unganisha, kata utepe wa upana wa sm 1 unaopita kwenye mshono, ning'iniza gramu 500. Mshono ukifunguka, ongeza joto au pitisha pasi polepole zaidi. Plastiki ikiwa na vitobo vya kuungua, punguza. Mfuko ukiwa na presha ya paskali 150, kila sentimita ya mshono itavutwa kwa gramu 60 tu, kwa hiyo jaribio la gramu 500 linakupa akiba nzuri.

Kipande kimoja kiwe ndicho cha chini kabisa, na katikati yake ipite juu ya mkuku. Usiweke mshono juu ya mkuku. Kwenye kipande hicho, upande wa nyuma, acha shingo ya kujazia yenye upana wa sm 4 na urefu wa sm 20.

Ukimaliza, jaza hewa ya kawaida hadi presha ya paskali 100, paka maji ya sabuni kila mshono, kisha uache usiku kucha. Hewa ni bure. Heliamu si bure.

Hatua ya 3: Mkuku wa mianzi

Mkuku ni kenchi ndefu ya pembetatu: fito mbili za juu zinazogusa tumbo la mfuko, na ufito mmoja wa chini. Nafasi kati ya fito ni sm 10. Urefu wake ni mita 2.3, kuanzia mita 1 mbele ya katikati ya mfuko hadi mita 1.3 nyuma yake. Haukai katikati kwa sababu mapezi yako nyuma, na sehemu ya mkia wa mfuko inanyanyua kidogo kuliko mapezi yanavyovuta chini. Ukiyaacha mapezi yashikwe na plastiki peke yake, mkia utaning'inia gesi ikipungua kidogo tu.

Pasua mwanzi mkavu uliokomaa. Fito ndefu ziwe mm 4 kwa 5. Vijiti vya kuunganisha mm 3 kwa 3. Upande wa ngozi ya mwanzi ndio wenye nguvu, usiuchonge. Punguza kutoka ndani.

Tumbo la mfuko limejikunja, na fito za juu lazima zifuate mkunjo huo. Chora kwenye sakafu au ubao: kutoka sehemu ya chini kabisa ya tumbo, ukienda sm 30 mbele au nyuma tumbo limeinuka sm 0.8, kwenye sm 60 limeinuka 3.3, sm 90 ni 8, mita 1 ni 10, sm 120 ni 16, na sm 130 ni 20. Pitisha mwanzi juu ya moto mdogo huku ukiupinda, na uushikilie hadi upoe. Mwanzi uliopindwa kwa moto unabaki na umbo. Uliolazimishwa kwa nguvu utakuwa unasukuma mfuko muda wote.

Gawanya urefu wote katika vyumba 10 vya sm 23. Kila mpaka wa chumba uwe na pembetatu yake, na kila uso wa chumba uwe na kijiti kimoja cha mshazari. Vijiti vya mshazari ndivyo vinavyoifanya kenchi isijinyonge. Ukiviacha upande mmoja ili kuokoa gramu 15, mota zikiwaka mkuku utajisokota. Funga kila kiungo kwa uzi wa nailoni mizunguko sita, halafu tone moja la gundi ya haraka. Tone moja. Uzi ndio unaobeba, gundi inazuia uzi usiteleze.

Ukimaliza, egemeza ncha mbili juu ya matofali na uning'inize gramu 500 katikati. Mkuku ushuke kidogo na urudi wenyewe. Pia ushike ncha moja na unyonge nyingine kwa mkono: usisikie kiungo chochote kikilia.

Fimbo za bomba la kaboni za mm 4 ni nyepesi zaidi na hazihitaji kuchongwa, lakini hazipindiki kwa moto, na zikivunjika zinavunjika ghafla. Kwa chombo cha kwanza ninapendekeza mwanzi bila kusita. Unaonyesha ufa kabla ya kukatika, na kubadilisha kijiti ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 4: Mahali mfuko na mkuku vinapokutana

Hapa usiharakishe. Mfuko mzuri na mkuku mzuri vikiunganishwa vibaya ni vitu viwili vinavyopigana.

Kanuni ni moja: uzi uvute plastiki kwa kuilaza, usiivute kwa kuibandua. Plastiki iliyounganishwa kwa joto inabeba uzito mkubwa ukiivuta sambamba na uso wake, lakini ukiinua ukingo wa kiraka kuelekea nje inafunguka kwa nguvu ndogo sana. Kwa hiyo kiraka kikae mahali ambapo uzi ukitoka pale kwenda kwenye mkuku unaendelea na mwelekeo wa uso wa mfuko bila kuvunja pembe.

Jiometria inatuambia mahali hapo. Ufito wa chini wa mkuku uko sm 8.7 chini ya tumbo. Uzi unaotoka kwenye ufito huo na kuugusa mfuko bila kuukata unaugusa kwenye pembe ya digrii 35 kutoka sehemu ya chini. Ukipima juu ya plastiki yenyewe ni sm 24 kutoka mstari wa katikati wa tumbo, kila upande. Kuelekea ncha mfuko unapungua. Pale nusu-kipenyo kinapokuwa sm 30, umbali huo ni sm 20 hivi. Kwa vipimo hivi viraka vya katikati vitaangukia kwenye kipande jirani, mbali na mshono.

Kata viraka 22 vya umbo la yai, sm 6 kwa 10, kutoka kwenye plastiki ile ile. Pembe zilizochongoka hazifai, maana mpasuko huanzia pembeni. Kila kiraka kiwe na kitanzi cha utepe wa kitambaa chepesi kilichobanwa kati ya kiraka na mfuko. Polithini iko upande wa ndani wa mfuko, kwa hiyo viraka vya nje havitashikana kwa pasi. Tumia utepe mwembamba wa gundi pande mbili wa aina ya akriliki, na ubandike mfuko ukiwa umejazwa hewa kidogo ili uso ukae kwenye umbo lake la kweli. Jaribu kiraka kimoja kwenye mabaki: kibebe gramu 200 usiku mzima, kikivutwa sambamba na uso.

Mkuku na vyote ulivyobeba ni kama gramu 500. Ukigawa kwa viraka 22, kila kimoja kinapata mzigo mdogo mno, na hilo ni kwa makusudi. Kiraka kimoja kikiachia, jirani zake wanapokea mzigo bila kushtuka.

Kutoka kila kitanzi, pitisha uzi hadi kwenye ufito wa chini, penye pembetatu ya mpaka wa chumba, kamwe si katikati ya chumba. Funga kwa fundo linaloteleza. Mfuko ukiwa na presha yake ya kurukia, anza katikati ukaze nyuzi kwa zamu, kushoto na kulia, ukielekea ncha. Gusa kila uzi kwa kidole kama unavyogusa nyuzi za udi: zilie karibu sawa. Uzi mmoja uliokazwa kupita kiasi utaonekana kwenye plastiki kama mikunjo inayotawanyika kutoka kwenye kiraka. Ukiiona mikunjo hiyo, legeza, usisubiri.

Hatua ya 5: Mkia na pua

Zeppelin NT ina mapezi matatu yaliyopangwa kama herufi Y iliyopinduliwa, nami napenda mpangilio huo kwa chombo hiki: pezi moja juu, mawili chini pembeni. Pinda mwanzi wa mm 3 uwe duara la kipenyo sm 48, ulivishe mkia pale mita 1.2 nyuma ya katikati, na ulifunge kwenye pembetatu za mwisho za mkuku. Mapezi yafungwe kwenye duara hilo. Kila moja liwe la foamu nyepesi ya mm 3, sm 25 kwa 30, lenye ukingo wa mwanzi mbele na nyuzi mbili za kulikaza. Theluthi ya nyuma iwe inageuka, isukumwe na mota ndogo ya servo.

Pua ya chombo cha ukumbini haihitaji chochote. Hewa inayoigonga ikienda mita 3 kwa sekunde ina presha ya paskali 5, na ndani tuna 50 au zaidi. Mambo hubadilika nje: mita 10 kwa sekunde ni paskali 58, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni 450 hivi. Ndiyo maana ndegeputo kama Norge ziliimarishwa puani, badala ya kuongeza presha ya mfuko mzima kwa ajili ya sehemu moja.

Hatua ya 6: Mota na umeme

Mota mbili ndogo, kila moja yenye uwezo wa kusukuma gramu 60 hadi 100, zinatosha kabisa. Zifunge kwenye ncha za mwanzi mmoja unaopita kwenye mkuku sm 40 mbele ya katikati, na mwanzi huo uzungushwe na servo ili rafadha zielekee juu au chini. Rafadha ziwe angalau sm 10 mbali na plastiki na mbali na uzi wowote hata ukilegea. Kumbuka nyaya za Santos-Dumont.

Betri ya lithiamu ya volti 7.4 na kipokezi vikae mbele, sm 90 kutoka katikati. Vinasawazisha mkia.

Hatua ya 7: Gesi na presha

Tumia heliamu. Haidrojeni inanyanyua zaidi kidogo na ni rahisi kuipata, lakini usiiguse. Tarehe 21 Februari 1922 ndegeputo nusu-ngumu Roma, iliyojengwa Italia na kununuliwa na Jeshi la Marekani, ilianguka Norfolk, Virginia, ikagusa nyaya za umeme wa nguvu kubwa. Haidrojeni ikawaka na watu 34 wakafa. Heliamu yenyewe haiungui, ila inaondoa oksijeni. Fungua milango unapojaza, na usimruhusu mtoto aivute kwa kuchezea sauti.

Mtungi wa lita 10 wenye presha ya bar 200 una karibu mita 1.8 za ujazo, unatosha kujaza na kuongezea. Sisi wa Tanzania tuna sababu ya kuifuatilia gesi hii: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kugundua heliamu katika bonde la Rukwa.

Kipimo cha presha utakitengeneza mwenyewe. Chukua mpira mwangavu, upinde uwe umbo la U, weka maji yenye rangi, unganisha upande mmoja na shingo ya mfuko. Kila milimita 1 ya tofauti kati ya maji ya pande mbili ni karibu paskali 10. Rukia kwenye mm 5 hadi 10.

Usidharau joto. Gesi ikipata nyuzi 10 zaidi, inataka nafasi zaidi ya asilimia 3. Mfuko uliojaa hauna nafasi hiyo, na presha ikibanwa ndani yote inaweza kupanda hadi paskali 3,400; kila sentimita ya mshono ingevutwa kwa kilo 1.4. Chini ya paa la bati joto hilo linafika kabla ya saa tano asubuhi. Kwa hiyo weka valvu: kisahani chepesi kinachofunika tundu la kipenyo sm 3.6, kikishikiliwa na mpira unaokibana kwa nguvu ya gramu 15. Kitafunguka chenyewe presha ikifika paskali 150 hivi. Kiweke kwenye kipande cha tumbo, mahali unapoweza kukifikia, na ukijaribu kwa hewa kabla ya gesi.

Hatua ya 8: Mizania, kisha kuruka

Katikati ya nguvu ya kunyanyua ni katikati ya mfuko, na kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe chini yake moja kwa moja. Mapezi na duara lake, gramu 110 kwenye mita 1.2 nyuma, pamoja na mkuku ulioelemea nyuma, vinavuta mkia kwa gramu-mita 159 hivi. Betri, kipokezi, mota na nyaya zake mbele vinarudisha 120 hivi. Zinazobaki zinalipwa na farumi ya gramu 45 kwenye sm 90 mbele. Tumia mchanga kwenye vifuko vya gramu 5 ili uweze kuhamisha kidogo kidogo.

Kisha ongeza farumi hadi chombo kishuke polepole kikiachwa, kikiwa kizito kwa gramu 5 hadi 10. Ndegeputo nzito kidogo inarudi chini betri ikiisha. Nyepesi inakwenda kukaa darini, penye mapangaboi.

Ruka asubuhi, feni zote zimezimwa. Mara ya kwanza nenda mbele tu, mwendo wa mtu anayetembea, na uangalie mambo mawili: mkia usishuke, na mkuku usiachane na tumbo unapogeuka. Kupinda kona kunachelewa; geuza usukani kabla, uurudishe kabla. Baada ya kila kuruka pima presha na uzito wa farumi uliohitajika. Farumi ikipungua siku hadi siku huku presha ukiirudisha kwa gesi ile ile, hewa imeingia ndani, na itabidi utoe yote ujaze upya.

Ukitaka kwenda kubwa zaidi

Kuanzia mita 6 hivi, na hasa ukitaka kupaa juu, ongeza kibofu cha hewa ndani ya mfuko. Feni ndogo inakijaza hewa. Gesi ikitanuka, hewa inatoka na heliamu inabaki. Kwa kupaa mita 1,000 kibofu kiwe angalau asilimia 10 ya ujazo, pamoja na akiba ya joto. Kwa ukubwa huo viraka vya nje navyo havitoshi. Utahitaji mapazia ya kitambaa ndani ya mfuko, yaliyoshonwa kwenye mgongo wake na kushuka hadi kwenye mkuku, ili mzigo ubebwe na sehemu ya juu ambako gesi inasukuma.

Akili hii haiishii kwenye ndegeputo. Wahandisi wa Uswisi wameitumia kwenye boriti zinazojazwa hewa yenye presha ndogo, ufito wa kubanwa ukiwa juu na nyaya za kuvutwa zikizunguka chini. Mwaka 2004 paa la maegesho la Montreux likapata boriti kama hizo za mita 28, na mwaka 2005 daraja la watelezaji theluji huko Lanslevillard, Ufaransa, likavuka mita 52. Anayejenga mkuku wa mianzi kwa makini anaelewa michoro ya madaraja hayo bila taabu.

Usirushe nje bila kibali. Kibali hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na taratibu za vyombo visivyo na rubani zinakuhusu hata kama chako kinaelea. Nje upepo wa mita 3 kwa sekunde unalingana na mwendo wako wote, kwa hiyo anza na kamba ya mita 20 iliyofungwa kwenye pembetatu ya mbele ya mkuku, siyo kwenye mfuko. Ukimaliza msimu, toa gesi, kunja mfuko kwa mikunjo mipana na kuipaka poda, na mkuku uuning'inize kwenye kivuli kwa nyuzi tatu au nne ili usipinde.